Je, Wajua? Namugongo kwa Nauli ya Taksi

Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, Namugongo hufurika watu hata pa kukanyaga hapaonekani. Lakini siku nyingine yoyote unaweza kutoka Kampala asubuhi, ukasali, ukatazama kila kitu kwa nafasi, na kurudi mjini jua lingali juu. Ni kama kilomita 15 tu kutoka katikati ya jiji.

Je, wajua kwamba Kampala ukiambiwa "panda taksi" hujaelekezwa kwenye gari la kukodi? Taksi ya Kampala ndiyo matatu ya Mkenya na daladala ya Mtanzania: gari dogo jeupe la abiria 14, lenye mkanda wa miraba ya bluu ubavuni. Haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo wahi. Ukitaka kushuka, sema "maaso awo", yaani mbele hapo, na dereva atasimama. Ukishuka Kyaliwajjala, njiani kuelekea Namugongo, na jua limekuwa kali, bodaboda zipo. Neno hilo nalo lina asili ya safari: lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka mpaka huu hadi ule. Ni neno la Kiingereza la mpaka, limetamkwa kwa ulimi wetu.

Je, wajua kwamba hija yako imeanza hata kabla taksi haijaondoka? Vituo vikuu vya taksi vya Kampala viko jirani na Nakivubo. Hapo ndipo alipouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, wa kwanza kati ya mashahidi 22 Wakatoliki, tarehe 15 Novemba 1885. Si wote waliofia Namugongo. Mei 1886 kundi la waumini lililohukumiwa Munyonyo na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, lilitembezwa kuelekea Namugongo likiwa limefungwa, na baadhi yao waliuawa njiani. Mmoja wao, Matia Mulumba, aliachwa Kampala ya Kale, mikono na miguu imekatwa, afe taratibu. Mimi naona anayepita mitaa hii akilijua jambo hilo hawezi kuitazama Kampala kwa macho yaleyale.

Jambo ambalo sisi wa Kiswahili tunalisahau ni kwamba njia iliyoifikisha imani ya Kikatoliki Buganda ilipita kwetu. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, waliondoka Bagamoyo na msafara wao Juni 1878. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Entebbe kwa mtumbwi tarehe 17 Februari 1879. Waganda walipomsikia padri akiitwa "mon père", Kifaransa cha "baba yangu", wakamwita Mapeera, na jina likamganda. Mwaka 1882 mapadri wakaondoka Buganda wakahamia Bukumbi, kusini mwa ziwa, karibu na Mwanza ya leo, wasirudi hadi Julai 1885.

Hebu fikiri. Karibu miaka mitatu bila padri, bila misa, na imani haikuzimika. Walioitunza ni walei: Balikuddembe ndani ya ikulu, Mulumba huko Mityana, wakiwafundisha wenzao kwa walichokishika kichwani. Mapadri waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Kwangu hili ni kubwa kuliko moto wenyewe uliowaua Namugongo, maana bila miaka hiyo mitatu moto ule usingekuta mtu wa kusimama.

Je, wajua waumini hao waliitwaje? Abasomi, yaani wasomaji. Katika Kiganda okusoma ni kusoma, na pia ni kusali; hadi leo mtu akienda kanisani husemwa amekwenda kusoma.

Kizito, mmoja wa mashahidi, ambaye jina lake linabebwa na kwaya maarufu ya Makuburi kule Dar es Salaam, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Shahidi mwenzake, Karoli Lwanga, alimbatiza usiku mmoja tu kabla ya hukumu ya Kabaka Mwanga. Kisha wao na wenzao waliohukumiwa wakakaa Namugongo karibu wiki nzima, wakingoja kuni zikusanywe. Siku iliyochaguliwa, Alhamisi ya tarehe 3 Juni 1886, ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kuanzia miguuni. Altare ya basilika imesimama mahali hapo.

Watatu kati ya waliohukumiwa walisamehewa dakika za mwisho. Mmoja wao, Denis Kamyuka, aliishi hadi akafika Roma tarehe 6 Juni 1920, akasikia wenzake wakitangazwa wenye heri. Utakatifu wao ulitangazwa mwaka 1964 na Papa Paulo VI, naye mwaka 1969 akafika Namugongo mwenyewe, katika ziara ya kwanza ya Papa barani Afrika.

Basilika ilibuniwa na Mswisi Justus Dahinden kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, ikazinduliwa mwaka 1975. Zunguka nje uhesabu nguzo: ni 22. Kisha teremka kwenye ziwa dogo. Utakuta mama amechutama ukingoni, anazamisha dumu la njano, analiacha lilie mpaka lijae, anafunga kifuniko kwa nguvu na kufuta udongo kwa ncha ya kitenge. Maji hayo anakwenda nayo nyumbani.

Mwisho, je, wajua kwamba Waanglikana 23 nao wanahesabiwa pamoja na hao 22? Kituo chao cha hija kiko mbele kidogo, Nakiyanja, kwenye barabara hiyohiyo. Na kabla ya Wakristo, miaka ya 1870, Waislamu waliomkatalia Kabaka Muteesa kwa ajili ya imani yao waliuawa Namugongo papa hapa, na msikiti wa kuwakumbuka upo. Kwa hiyo usigeuzie kwenye lango la basilika. Endelea kwa miguu hadi kwa Waanglikana, uulizie na msikiti. Taksi za kurudi Kampala utazipata barabarani hapohapo.