Kitabu Chema Nacho Hutembezwa

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kabisa kwa samaki wa Ziwa Tanganyika. Mukeke aliyevuliwa usiku hana haja ya kupigiwa mbiu asubuhi pwani ya Bujumbura. Mnunuzi humtazama jicho, akambonyeza mnofu, akatoa fedha na kwenda zake. Lakini kitabu si samaki. Jalada lake halionyeshi kilichomo, wala mnunuzi hawezi kukionja akiwa amesimama dukani. Ili mtu ajue ubora wake hapana budi akisome kwa saa nyingi, na hakuna anayetoa saa zake, licha ya fedha zake, kwa kitu asichokijua. Ndiyo maana kitabu chema, kisipopata wa kukitembeza, huweza kukaa rafuni mpaka karatasi zake zikageuka rangi.

Yachukuliwe maisha ya mwandishi wa vitabu vya Kikristo katika mji wa Bujumbura. Mchana ni mwalimu, muuguzi au mchungaji. Usiku, watoto wakiisha kulala, huandika. Baada ya miaka miwili au mitatu hulipa gharama za uchapaji kwa akiba yake mwenyewe, akapokea maboksi yake. Jumapili moja kitabu hutangazwa baada ya ibada. Jamaa na marafiki hununua kwa heshima, na wengine hununua wasikisome. Jumapili ya pili hakuna tangazo tena. Maboksi yaliyobaki huingizwa uvunguni, na huko mchwa huwa ndio wasomaji wake wa mwisho. Mwandishi huyo hakushindwa na kalamu, bali ameshindwa na njia.

Mzunguko wa Wahakiki

Dawa ya shida hiyo imejulikana kwa muda mrefu, nayo ni mzunguko wa wahakiki. Kabla kitabu hakijaenea, mwandishi au mchapishaji huchagua wasomaji wanane au kumi walio mahali mbalimbali, akampa kila mmoja nakala bila malipo na kumpangia siku yake. Siku hiyo ikifika, msomaji husimama mbele ya watu wake, au huandika katika gazeti, au huzungumza redioni, akaeleza kitabu kinasema nini, kimefaulu wapi na kimepungukiwa wapi. Mwandishi akiweza huhudhuria na kujibu maswali. Kesho yake ni zamu ya mwingine, mahali pengine.

Nguvu ya mpango huu imo katika kufuatana kwa siku. Habari iliyosikika mara moja husahauliwa. Lakini mtu akisikia jina la kitabu kutoka kwa mwanakwaya siku ya Jumatatu, kwa mwalimu siku ya Jumatano, na kwa jirani yake siku ya Ijumaa, huanza kuuliza mwenyewe kitabu hicho kinapatikana wapi.

Faida ya kwanza ya mwandishi ni kwamba hufika katika nyumba ambazo jina lake halijulikani. Faida ya pili ni kwamba huaminiwa. Mwandishi akikisifu kitabu chake, watu hutabasamu. Msomaji asiye jamaa yake akikisifu, watu husikiliza. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kwamba mwandishi huonyeshwa makosa yake. Wasomaji kumi wakikwama katika sura ile ile, kosa si lao, na chapa ya pili huweza kurekebishwa.

Kitabu Kilichovuka Kaburi

Katika Burundi yenyewe kuna mfano ambao hauna budi kukumbukwa. Padri Michel Kayoya, aliyezaliwa mwaka 1934, aliandika kwa Kifaransa, kwa nathari iliyochanganyika na ushairi, kitabu kiitwacho Sur les traces de mon père, maana yake "Katika nyayo za baba yangu". Kilichapwa Bujumbura na Presses Lavigerie mwaka 1968. Ndani yake kijana aliyesomeshwa shule za kikoloni anarudi kuutafuta utu aliofunzwa na baba yake, na kuuliza ni lipi la kuhifadhiwa na lipi la kuachwa. Mwezi Mei mwaka 1972, katika mauaji yaliyoikumba nchi mwaka huo, Padri Kayoya aliuawa huko Gitega.

Mwandishi aliyekufa hawezi kusimama mbele ya watu kukinadi kitabu chake. Walakini mwaka 1973 kitabu hicho kilitoka Nairobi kwa Kiingereza, kikichapishwa na East African Publishing House kwa jina la My Father's Footprints. Wasomaji waliokuwa wamekipenda ndio waliokibeba. Tangu hapo kimesomwa na watu wasioijua Burundi wala lugha zake. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi, huko Gitega, shauri la kumtangaza Padri Kayoya pamoja na wengine kuwa wenye heri. Lakini kabla ya shauri hilo, kwa muda wa karibu miaka hamsini, ushuhuda wake ulikuwa mikononi mwa wasomaji tu.

Miongoni mwa waliotajwa katika shauri hilo ni vijana 40 wa seminari ndogo ya Buta, huko Bururi, waliouawa tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kukataa kutengana, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule, kama walivyoamriwa na washambulizi. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari hiyo, aliwaandikia kitabu kilichochapishwa Paris na Karthala mwaka 2004. Naye David Niyonzima wa Kanisa la Marafiki, aliyeponea chupuchupu shambulio la mwaka 1993 lililowaua wanafunzi wake, aliandika pamoja na Lon Fendall kitabu juu ya msamaha na mapatano, Unlocking Horns, kilichotoka Marekani mwaka 2001.

Hapo ndipo umuhimu wa kutembeza kitabu unapoonekana wazi. Vitabu vya namna hiyo vikisomwa na wale tu ambao tayari wanakubaliana na mwandishi, kazi yake imebaki nusu. Havina budi kuvuka barabara, kutoka mtaa hadi mtaa, kutoka dhehebu hadi dhehebu, na kutoka nyumba ya raia hadi nyumba ya askari. Katika miaka ya vita mitaa ya Bujumbura ilitengana, na jirani akamwogopa jirani. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri na kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002, kiliwakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini ya mji kwa michezo, mafunzo na maktaba. Vijana wawili wanaozungumza juu ya kitabu kimoja wamekwisha kuanza kuzungumza, hata kama hawakubaliani.

Sauti Hubeba Maandishi

Wako watakaosema kwamba watu wetu si wasomaji, bali ni wasikilizaji. Hilo lisiwe kikwazo, kwa sababu mhakiki hutumia mdomo kuliko karatasi. Nchini Tanzania, Mathias Mnyampala, Mkristo wa Dodoma aliyezitungia Injili na Zaburi tenzi za Kiswahili katika miaka ya 1960, ndiye pia aliyeieneza ngonjera, ushairi wa kujibizana jukwaani. Wanafunzi walizikariri beti na kuzighani mbele ya wazazi wao, na kwa njia hiyo maandishi yalifika kwa watu ambao hawakuwahi kushika kitabu.

Hata Bujumbura njia hiyo si ngeni. Katika miaka ya kabla ya machafuko ya 2015, wapenda fasihi walikuwa wakikutana katika baraza la Samandari, lililopewa jina la mcheshi mwerevu wa hadithi za Kirundi. Walisomeana maandishi yao, wakaulizana na kusahihishana. Miongoni mwao alikuwa Roland Rugero, ambaye riwaya yake Baho! ya mwaka 2012 ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2016. Ikiwa riwaya za kidunia zilinufaika na mazungumzo ya namna hiyo, hakuna sababu ya vitabu vya dini kubaki uvunguni.

Malipo ya Mhakiki

Je, mhakiki naye hupata nini? Kwanza, hupata nakala. Jambo hilo si dogo katika nyumba ambapo bei ya kitabu hushindana na bei ya maharagwe na unga. Mwenye kuhakiki vitabu sita kwa mwaka hujikuta ana rafu ndogo ya vitabu ambayo mshahara wake usingaliweza kuinunua.

Pili, hujifunza kusoma. Mtu anayejua kwamba Alhamisi ijayo atasimama mbele ya watu hasomi akisinzia. Hushika penseli, hurudia ukurasa, hutafuta maana ya neno lililompita. Tatu, hujifunza kusema kwa mpango na kwa ufupi, na ustadi huo humfaa kazini, kanisani na katika mabaraza ya ujirani. Nne, watoto wake humwona akisoma. Mzazi anayewaamuru watoto wasome, hali yeye mwenyewe hajashika kitabu tangu aondoke shuleni, hutwanga maji kinuni.

Sifa za Bure Huua Kitabu

Hata hivyo liko jambo moja ambalo likikosekana faida zote hizo huanguka, nalo ni ukweli. Katika jamii ya waumini kishawishi cha kusifu ovyo ni kikubwa. Mwandishi ni mchungaji wetu. Ameandika mambo ya Mungu. Tena ametupa kitabu bure. Nani atathubutu kusema kwamba sura ya nne inachosha, au kwamba aya zimerudiwa-rudiwa? Basi kila mhakiki husema kitabu ni kizuri mno. Msomaji hununua, huona alivyodanganywa, na tangu siku hiyo hamwamini tena mhakiki wala mwandishi. Huruma ya siku moja imewaharibia wote wawili.

Wamarekani waliliona tatizo hilo. Wachapishaji wa vitabu vya Kikristo huko hugawa nakala nyingi kwa wahakiki wa kujitolea, na tangu mwaka 2009 miongozo ya serikali yao inamtaka mtu aliyepewa kitu bure, kisha akakisifu hadharani, aseme wazi kwamba alipewa. Ni kanuni njema, na inafaa kufuatwa hata mahali ambapo hakuna sheria ya kuilazimisha.

Warundi kwa upande wao hawana haja ya kwenda mbali kutafuta kielelezo. Bashingantahe, wazee wa hekima walioamua mashauri vilimani, waliheshimiwa kwa sababu hawakumpendelea ndugu wala kumwogopa tajiri. Mhakiki ni mshingantahe wa kitabu. Humpa mwandishi haki yake yote, na humnyima asichostahili.

Wala asidhaniwe kwamba hukumu ya msomaji wa kawaida haina uzito. Ufaransa kuna tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambayo wanafunzi wapatao 2,000 husoma vitabu na kuamua wenyewe. Mwaka 2016 waliichagua riwaya ya Gaël Faye, Petit Pays, inayosimulia utoto katika mtaa wa Kinanira, Bujumbura. Vijana ambao wengi wao hawajaiona Burundi waliisaidia kujulikana duniani, kwa kusoma tu na kusema walichokiona.

Mpango wa Nyumba kwa Nyumba

Familia za kambini na mitaani zinaweza kuanza bila fedha nyingi. Nyumba nane zikubaliane kuchanga na kununua nakala mbili za kitabu kimoja. Kila nyumba ikae na nakala kwa wiki moja, na katika mwezi mmoja nyumba zote nane zitakuwa zimesoma. Pamoja na kila nakala lizunguke daftari, na kila nyumba ijibu humo maswali matano: Kitabu kinasema nini? Ni ukurasa gani uliogusa moyo, na kwa nini? Ni wapi mwandishi amekosea au amenyamaza? Lugha yake inaeleweka na mtoto wa darasa la sita? Nani katika ujirani huu angefaa kukisoma?

Baba aliye zamu ya usiku asome zamu yake ikiisha, kwa kuwa lindo si mahali pa kusomea. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto, kisha atoe maoni yake nayo yaandikwe. Jirani wa dini nyingine akaribishwe, maana mara nyingi ndiye anayeona kile ambacho wenyewe wamekizoea. Mwezi ukiisha, nyumba zote zikutane jioni moja, daftari lisomwe kwa sauti, na mwandishi akiwa karibu aalikwe asikilize. Baada ya hapo daftari apewe yeye. Kwa mwandishi aliyekuwa akidhani kwamba sauti yake imepotea, daftari hilo lina thamani kuliko bahasha ya fedha.

Padri Kayoya hakuishi kuona nyayo zake zilipofika. Waandishi walio hai leo katika Bujumbura wanaweza kuona za kwao, iwapo wasomaji watakubali kutembea nazo, na kusema kweli njiani.