Mdarizi wa Zirai, hesabu saa zako kabla ya kutaja bei

KUDARIZI ni miongoni mwa kazi za mikono zinazofanywa katika nyumba nyingi za vijijini, lakini ni nadra sana kuikuta kwenye hesabu za nyumba hizo.

Katika kata ya Zirai, wilayani Muheza, upande wa Usambara Mashariki, hesabu za familia kwa kawaida huanzia kwenye iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu na ndizi. Kitambaa chenye maua kilicho juu ya meza huhesabiwa kuwa pambo, na aliyekidarizi huambiwa kwamba alikuwa anapitisha muda tu.

Makala haya yanahusu muda huo. Mkulima anayelima bila kuhesabu vibarua hawezi kujua kama shamba limemlipa. Mdarizi naye asipohesabu saa zake hawezi kujua kama sindano inamlipa au inamnyonya.

Kwa muda wa mwaka mmoja nimekuwa nikidarizi jioni na siku za mvua, kwa kujifurahisha. Kwa kuwa taaluma yangu ni uchumi wa kilimo, kila kazi nimeifungulia ukurasa wake kwenye daftari. Naandika tarehe ya kuanza, fedha za kitambaa na uzi, na saa nilizokaa na sindano mkononi. Nilichagua makusudi kazi za ukubwa tofauti ili niweze kuzilinganisha.

Bei nitakazozitaja ni zile nilizolipa na nilizouzia mimi. Msomaji aweke za kwake, kwani jambo la msingi hapa ni namna ya kupiga hesabu.

Kazi nne, majibu manne

Kazi ya kwanza ilikuwa vitambaa vidogo 6 vya meza. Kila kimoja kina ua moja kwenye pembe na pindo lililoshonwa kwa mshono wa mnyororo. Kitambaa kilinigharimu Sh4,000 na uzi Sh2,000. Kila kitambaa kilichukua saa moja na nusu, yaani saa 9 kwa vyote. Niliviuza kwa Sh3,000 kila kimoja, nikapata Sh18,000. Ukiondoa gharama zinabaki Sh12,000, sawa na takriban Sh1,330 kwa saa.

Kazi ya pili ilikuwa jozi ya foronya. Kitambaa kilikuwa Sh5,000, uzi Sh4,000, na muda saa 14. Ziliuzwa kwa Sh20,000. Kilichobaki ni Sh11,000, ambazo ni chini kidogo ya Sh800 kwa saa.

Kazi ya tatu ilikuwa shuka kubwa la kitanda pamoja na foronya zake, lenye maua kuzunguka pande tatu na shada kubwa katikati. Kitambaa kilikuwa Sh22,000, uzi Sh12,000 na karatasi ya kaboni ya kunakilia michoro Sh1,000. Jumla ni Sh35,000. Muda ulifika saa 90, zilizotawanyika katika miezi minne. Liliuzwa kwa Sh80,000, na kila aliyeliona alilisifia. Ukigawanya Sh45,000 zilizobaki kwa saa 90, unapata Sh500 kwa saa.

Kazi ya nne bado iko kwenye duara la mbao. Ni picha ya kutundika ukutani, inayoshonwa kwa mshono wa msalaba juu ya kitambaa chenye matundu yanayohesabika. Mpaka naandika makala haya imetumia saa 31 na Sh9,000 za kitambaa na uzi. Majani yamekamilika, maua bado. Nakadiria kuimaliza kwa saa 40, na fremu itahitaji Sh8,000 nyingine.

Tuseme saa moja ya mdarizi ina thamani ya Sh1,000, kwa mfano wa kibarua anayelipwa Sh6,000 kwa saa 6 za shambani. Kwa kipimo hicho vitambaa vidogo vimelipa. Foronya zimepungukiwa kidogo, na shuka limelipa nusu tu. Picha haitakiwi kuuzwa chini ya Sh57,000.

Kwa nini shuka linashindwa

Jibu hili linaweza kuwashangaza wengi, kwa sababu shuka ndiyo kazi inayompa mdarizi jina. Ndilo linalopelekwa kwenye harusi, na ndilo mtu anayejifunza hutamani kulifikia.

Tatizo ni kwamba mnunuzi wa shuka analinganisha na mashuka ya kiwandani. Mashine hushona ua kwa dakika chache, na bei ya shuka lake ndiyo inayoweka kikomo cha bei ya shuka la mkono. Mnunuzi anaweza kukubali kuongeza kidogo kwa sababu ya uzuri, lakini hawezi kulipia saa 90.

Tatizo la pili ni mtaji kulala. Sh35,000 zilizokaa kwenye mfuko kwa miezi minne zingeweza kununua kitambaa na uzi wa seti tano za vitambaa vidogo, na zikabaki Sh5,000. Mdarizi mwenye mashuka matatu yaliyofika nusu nusu ni sawa na mkulima aliyelima mashamba matatu na kushindwa kupalilia hata moja.

Hii haina maana kwamba shuka lisidariziwe. Maana yake ni kwamba lidariziwe kwa oda, na mteja atoe malipo ya awali yanayotosha kununua kitambaa na uzi. Kama ni zawadi ya mtoto wako anayeolewa, hapo hesabu ni nyingine kabisa, maana upendo hauna bei ya saa.

Sindano na iliki changa

Kuna faida moja ambayo haionekani ukigawanya shilingi kwa saa, na kwa mkulima wa Zirai huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Iliki haikomai yote kwa pamoja. Huvunwa kwa awamu, na mkulima anatakiwa kupita shambani mara kwa mara akichuma ile iliyofikia kiwango. Lakini daftari la mtoto, dawa na sabuni havisubiri awamu. Hapo ndipo mkulima anapochuma iliki changa na kumuuzia mchuuzi anayefika mlangoni.

Iliki changa ikikaushwa hunyauka na kupungua uzito, rangi na harufu. Mkulima anapata hasara mara mbili, kwa kuwa kilo zinapungua na bei ya kila kilo inapungua. Juu ya hayo amekwishaondoa mmeani kile ambacho wiki chache baadaye kingekuwa mavuno ya daraja la juu.

Sasa rudi kwenye vile vitambaa 6. Sh18,000 hazijengi nyumba, lakini zinatosha kumaliza shida ya wiki moja au mbili. Mama aliye na seti mbili zilizokamilika kabatini ana kitu cha kuuza ambacho hakiozi na ambacho hakimlazimu kugusa iliki kabla ya wakati wake. Thamani ya vitambaa hivyo si Sh12,000 za faida peke yake. Ongeza hapo hasara ya iliki changa aliyoiepuka.

Kwa sababu hiyo kazi ndogo inayomalizika haraka inamfaa mkulima kuliko kazi kubwa inayosifiwa. Shuka lililofika nusu haliwezi kuuzwa siku mtoto anapougua, lakini vitambaa vitatu vilivyokamilika vinauzika siku hiyo hiyo.

Pa kupunguza gharama

Uzi wa kudarizi kwa kawaida huuzwa kwa vitita vidogo vyenye urefu wa mita 8, na ndani yake kuna nyuzi 6 zilizolazwa pamoja. Anayeshona kwa nyuzi zote 6 kwa mara moja anapata mita 8 tu za kushona. Akizitenganisha na kutumia nyuzi 3 anapata mita 16, na akitumia 2 anapata mita 24. Kwa maua madogo nyuzi 2 au 3 zinatosha, na mshono hutoka laini zaidi.

Usikate uzi mrefu kwa kutaka kupunguza kazi ya kutunga sindano. Kipande cha kuanzia ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko kinatosha. Uzi mrefu hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, ukachakaa na kufunga mafundo, na unaishia kuutupa.

Kabla ya kuanza, pima rangi. Lowesha kipande cha pamba nyeupe na kukandamiza juu ya uzi, hasa mwekundu na wa bluu. Rangi ikihamia kwenye pamba, uzi huo usiingie kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu mteja atakapokifua kwa mara ya kwanza utakuwa umempoteza.

Kitambaa nacho kifuliwe kabla ya kudariziwa. Pamba mpya hurudi ikilowa, na kama imekwishadariziwa maua hujikunja.

Milima yetu ina mvua nyingi. Amani, jirani na Zirai, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo huleta ukungu kwenye kitambaa na kutu kwenye sindano. Hifadhi kazi mahali pakavu, ianike kivulini siku za jua, na usiache sindano imechomekwa kwenye kitambaa usiku kucha, kwani doa la kutu halitoki kwa sabuni.

Mikono iliyotoka kuchuma iliki au chai huwa na utomvu na ngozi iliyokwaruzika. Ioshe na kuipaka mafuta mapema, iache ikauke kabisa, ndipo ushike uzi. Na rangi zichaguliwe mchana, maana taa ya usiku huifanya bluu ionekane kama kijani.

Tuuze kisichoshonwa na mashine

Biashara ya sindano si ngeni katika ukanda wetu. Kofia za vito za Zanzibar hushonwa kwa mkono kitundu kwa kitundu. Mtindo wa kofia za pwani ulivuka bahari hadi Oman, ambako kofia hiyo huitwa kuma na ni vazi la kila siku la wanaume. Aliyezoea kuivaa anajua kutofautisha ya mkono na ya mashine, na yuko tayari kulipia tofauti hiyo.

Usambara nayo ina kitu chake. Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alituma Ulaya mmea mdogo wa maua ya zambarau kutoka milima hii. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia. Leo mmea huo unaoteshwa kwenye vyungu vya madirishani katika nchi nyingi duniani, na wengi wanaoumwagilia hawajui kwamba asili yake ni kwenye miamba yenye kivuli ya Tanga.

Ua hilo ndilo lililo kwenye ile picha yangu ya nne. Lina petali tano za zambarau, manjano katikati, na majani manene yenye vinyweleo. Kwa mdarizi ni mchoro rahisi unaohitaji rangi nne tu, na unaenea vizuri kwenye pembe ya kitambaa kidogo cha meza.

Mashine inaweza kushona waridi ambalo halina kwao. Lakini mgeni anayetembelea Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, akipewa kitambaa chenye ua la msitu alioupita asubuhi, kikiwa na karatasi ndogo inayoeleza lilikotoka, hakilinganishi tena na shuka la dukani.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro na mkoa wa Tanga ni miongoni mwa washiriki. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na ushauri kwa wajasiriamali wadogo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Hata hivyo, nashauri kikundi kisikope kabla ya daftari lake kuonyesha ni kazi ipi inayolipa. Mkopo ukinunua vitambaa vya mashuka yasiyo na oda, marejesho yatatoka kwenye iliki, na pengine iliki changa.

Anza na kurasa tatu

Ndugu msomaji unayedarizi, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Ukurasa wa kwanza andika fedha za kitambaa na uzi kwa kila kazi. Wa pili andika saa, hata kama ni nusu saa wakati maharage yanachemka. Wa tatu andika bei uliyouzia na aliyenunua.

Baada ya kazi tano kurasa hizo zitakwambia kipi ushone kwa biashara, kipi kwa oda na kipi kwa zawadi. Na uweke utaratibu mmoja wa kudumu: kazi mpya isianze kabla ya iliyopo kumalizika, kupigwa pasi na kukunjwa kabatini.

Mchuuzi atakapofika mlangoni kuulizia iliki ambayo haijakomaa, mwenye vitambaa vilivyokamilika anaweza kumwambia arudi mwezi ujao.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.