Kinanda cha Moog kwa bei ya kutupa: Wizi au haki ya kila mwanamuziki?

Na Mwandishi Wetu

KINANDA cha elektroniki ambacho mwaka 1970 kilianza kuuzwa kwa dola 1,495 za Marekani, fedha ambazo kwa thamani ya leo zinazidi dola 10,000, mwaka 2018 kilianza kupatikana katika umbo la kisanduku kidogo kwa takriban dola 300. Sauti zake zimekaribiana kiasi kwamba hata masikio yaliyozoea hupata taabu kuzitofautisha. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa juu yake na mfuko unaopokea fedha.

Kinanda cha awali ni Minimoog, kilichobuniwa katika karakana ya mhandisi Robert Moog huko Trumansburg, jimbo la New York. Kisanduku cha sasa huitwa Model D na hutengenezwa na Behringer, kampuni iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1989 na ambayo kiwanda chake kikubwa kiko Zhongshan, China. Kiliingia sokoni mwaka 2018, na mabishano kilichoyazua miongoni mwa wanamuziki na watengenezaji wa vyombo hayajatulia.

Msomaji aliyezoea kusikia habari za bidhaa feki zinazokamatwa bandarini na kuteketezwa anaweza kudhani kwamba jibu ni rahisi. Sivyo. Bidhaa feki hudanganya mnunuzi kwa kuvaa jina lisilo lake. Kisanduku hiki hakimdanganyi mtu: kimeandikwa jina la mtengenezaji wake, na kila anayekinunua anajua kwamba ameiga kazi ya mwingine. Ili kuelewa kwa nini sheria inaruhusu jambo hilo, ni vema kwanza kufahamu ni kitu gani hasa kilichoigwa.

Sauti inavyozaliwa

Sintesaiza haina nyuzi, ngozi wala filimbi. Hutengeneza sauti kwa umeme mtupu, na katika vyombo vya aina ya Minimoog umeme huo hupita vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni osileta, yaani saketi inayoufanya umeme upande na kushuka mara nyingi kwa sekunde. Ukipanda na kushuka mara 440, spika hutoa noti ya A ambayo wanamuziki huitumia kulinganishia vyombo vyao. Minimoog ina osileta tatu. Zikilia pamoja huku zikipishana kidogo tu, sauti hunenepa.

Kituo cha pili ni chujio. Wimbi linalotoka katika osileta huwa limebeba sauti nyingi ndogo juu ya ile kuu, na likiachwa hivyo hukwaruza masikio. Chujio hukata sauti za juu na kuziacha za chini zipite. Mpigaji akizungusha kitufe chake wakati noti inalia, sauti hufunguka na kufumba mithili ya mdomo wa mtu anayetamka.

Kituo cha tatu huamua ukubwa wa sauti: ianze kwa kishindo au taratibu, ikatike ghafla au ififie polepole.

Ubunifu wa Moog uliopata sifa kubwa kuliko wote ni lile chujio. Alipanga transista mbili mbili, jozi juu ya jozi, akaziunganisha kwa kapasita. Mchoro wake kwenye karatasi hufanana na ngazi yenye vipandio vinne, na kila kipandio hupunguza sehemu ya sauti za juu. Huko ndiko ilikotoka besi nzito ya Minimoog iliyopendwa na wapigaji kama Bernie Worrell wa kundi la Parliament, na iliyosikika katika albamu ya Autobahn ya Kraftwerk ya mwaka 1974.

Hataza ina mwisho

Moog aliomba hataza ya chujio hilo mwaka 1966, akaipata tarehe 28 Oktoba 1969. Hataza ni mapatano kati ya mbunifu na umma. Mbunifu huweka wazi, kwa michoro na maelezo, jinsi ubunifu wake unavyofanya kazi. Umma nao humpa haki ya kuutumia peke yake kwa muda maalumu. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, muda huo ulikuwa miaka 17 tangu hataza kutolewa.

Katika muda huo kinga ilikuwa na nguvu. Miaka ya 1970 kampuni shindani ya ARP ilitumia chujio lililofanana mno na la Moog. Moog walipolalamika, ARP ilibadili mwelekeo na kubuni chujio jingine. Kwa hiyo wanamuziki walipata sauti mbili badala ya moja, na hiyo ni mojawapo ya faida za hataza zisizotajwa mara nyingi: humlazimu mshindani kufikiri.

Mwaka 1986 hataza ya Moog ilifika kikomo. Tangu siku hiyo mtu yeyote mwenye transista, kapasita na ujuzi wa kuziunganisha ana haki ya kutengeneza ngazi ileile. Behringer haikuvunja mlango. Iliukuta umefunguliwa kwa zaidi ya miaka 30.

Kinachobaki na mwenyewe ni jina. Alama ya biashara haifi mradi inatumika na kuhuishwa, ndiyo maana neno Moog halionekani kwenye kisanduku cha Behringer. Mwonekano nao unaweza kulindwa. Mwaka 2005 kampuni ya Roland ya Japani iliishitaki Behringer kwa madai kwamba pedali zake za gitaa zilifanana kwa rangi na umbo na zile za Boss, chapa ya Roland. Mwaka uliofuata pande hizo zilipatana, na Behringer ikabadili sura ya pedali zake. Ugomvi ulihusu sura. Saketi za ndani hazikuwa kiini chake.

Kwa nini bei imeporomoka

Kampuni ya Moog Music ilipoitoa tena Minimoog mwaka 2016 katika karakana yake ya Asheville, North Carolina, bei ilizidi dola 3,000. Chombo cha Behringer kiligharimu kama sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Tofauti hiyo ina sababu zinazoeleweka.

Kwanza, ile ya Asheville iliundwa kwa mikono na kwa vipuri vya mtindo wa zamani, ndani ya kasha la mbao, pamoja na vibonye 44. Behringer hutumia vipuri vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyopachikwa na mashine kwa kasi kubwa. Pili, kisanduku chake hakina vibonye kabisa. Mnunuzi huunganisha kinanda alichonacho kwa njia ya MIDI, lugha ya pamoja ambayo watengenezaji walikubaliana mwaka 1983. Tatu, kundi la makampuni linalomiliki Behringer lina pia kampuni ya chipu, Coolaudio, hivyo halitegemei kununua kila kitu kwa wengine. Nne, kuzalisha kwa wingi hupunguza gharama ya kila kimoja.

Sababu ya tano ndiyo inayouma. Anayeiga halipi gharama ya kukosea. Moog na wenzake walitumia miaka kujaribu, kuharibu na kuanza upya bila kujua kama kuna mtu atakayenunua. Kazi hiyo haikumtajirisha: mwaka 1971 madeni yalimlazimu kuiuza kampuni yake, na haki ya kulitumia jina lake kibiashara aliipata tena mwaka 2002, miaka mitatu kabla ya kufariki dunia. Anayeiga huanza safari akijua tayari kwamba chombo hicho kinapendwa duniani kote.

Muziki wa waliokosa fedha

Hata hivyo, historia ya muziki wa elektroniki inatoa ushahidi mzito upande wa pili. Mitindo mingi mikubwa haikuzaliwa vyombo vilipokuwa ghali, bali viliposhuka bei.

Mwaka 1980 Roland ilitoa TR-808, mashine ya ngoma ambayo haikutumia ngoma zilizorekodiwa. Kila mlio ulitengenezwa na saketi. Ilidharauliwa na wengi kwa kuwa haikufanana na ngoma halisi, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 1983 baada ya kutolewa takriban mashine 12,000. Ziliposhuka thamani na kuingia maduka ya mitumba, vijana wa hip hop na tekno waliokuwa na fedha kidogo walizinunua. Leo mdundo wake wa chini, ule unaotikisa vioo vya daladala, umeenea katika muziki wa dansi na wa kizazi kipya karibu kila pembe ya dunia.

Ndugu yake, TB-303, alikumbwa na hatima kama hiyo. Ilitoka mwaka 1981 ikikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, ikaondolewa sokoni baada ya miaka michache. Vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture waliipata ya mtumba, wakazungusha vitufe vyake kwa namna ambayo waundaji hawakuikusudia, na mwaka 1987 wakatoa Acid Tracks, rekodi iliyozaa mtindo wa acid house.

Umaarufu huo uligeuza mambo. Mashine zilizotupwa zikawa hazina ya wakusanyaji, na bei zake zikafikia maelfu ya dola. Kijana wa Chicago wa leo asingeweza kuzigusa. Roland yenyewe ilitoa TB-03 mwaka 2016 na TR-08 mwaka 2017, lakini hizo huzalisha sauti kwa hesabu za kompyuta, si kwa saketi za asili. Behringer iliziba pengo hilo mwaka 2019 kwa RD-8 na TD-3, zenye saketi za mtindo wa zamani, na TD-3 ikauzwa kwa takriban dola 150.

Ikumbukwe pia kwamba kuna waliofufua vyombo vya kale bila kumnyima mtu haki. Korg ya Japani ilirudisha MS-20 yake yenyewe mwaka 2013 kwa umbo dogo na bei nafuu, na mwaka 2015 ikairudisha ARP Odyssey kwa ushirikiano na David Friend, mmoja wa waanzilishi wa ARP. Hivyo, urahisi wa bei na heshima kwa mwenye kazi vinaweza kukaa meza moja.

Mstari unapopita

Kuiga chombo ambacho kilikoma kutengenezwa kabla mnunuzi hajazaliwa ni jambo moja. Kuiga cha mtu ambaye bado anakiuza ni jingine. Mwaka 2021 Behringer ilipoonyesha kibodi ndogo iitwayo Swing, wengi waliona kwamba ilifanana mno na KeyStep ya kampuni ya Arturia ya Ufaransa, ambayo wakati huo ilikuwa bado dukani. Lawama zilikuwa kali, hata kutoka kwa waliokuwa wameisifu Model D.

Tofauti hiyo inastahili kuzingatiwa. Katika nakala ya Minimoog, mapatano ya hataza yalitimizwa: mbunifu alipata miaka yake 17, umma ukapata mchoro. Katika kibodi inayouzwa leo, kampuni ndogo bado inatafuta fedha za kulipa wahandisi wa chombo kijacho. Ikiwa kila wazo jipya litaigwa kabla halijarudisha gharama zake, wahandisi wataacha kubuni, na wanaoiga nao watakosa cha kuiga.

Moog Music iliuzwa kwa kampuni ya inMusic mwaka 2023, na mwaka huohuo baadhi ya wafanyakazi wa Asheville walipunguzwa. Kampuni huuzwa kwa sababu nyingi, na si haki kuzitwisha nakala mzigo wote. Lakini tukio hilo limewakumbusha wapenzi wa vyombo hivi kwamba jina kubwa peke yake halilipi mishahara.

Kwa anayetaka kununua

Kwa mwanamuziki wa Dar es Salaam au Nairobi, mjadala huu si wa mbali. Studio nyingi ndogo hutegemea kompyuta moja na programu zinazoiga vyombo hivihivi. Kisanduku kama hicho, kikiongezewa usafiri na ushuru, bado ni fedha nyingi, hivyo yafaa kujiuliza maswali machache kabla ya kulipa.

Je, unahitaji chombo hicho au sauti yake tu? Kama ni sauti, programu inaweza kutosha. Je, unajua kwamba Model D hupiga noti moja tu kwa wakati mmoja, na kwamba utahitaji kibodi ya kuiendesha? Je, kikiharibika, fundi wa jirani ataweza kushughulikia vipuri vidogo kiasi hicho? Na je, kilichoandikwa juu yake ni jina la aliyekitengeneza? Chenye jina la Moog au Roland kwa bei isiyoaminika ndicho feki, na hicho hakina utetezi wowote.

Swali la mwisho ni la dhamiri. Pale ambapo mbunifu yupo na chombo chake bado kinauzwa, shilingi chache zaidi zinazokwenda kwake ni malipo ya chombo ambacho bado hakijabuniwa. Pale ambapo haki zake zimekwisha kwa mujibu wa sheria, mwanamuziki anayenunua nakala hana sababu ya kuinamisha kichwa. Vijana wa Chicago nao walianza na chombo cha bei ya chini, na waliobuni chombo hicho ndio walioshangaa kuliko wote kwa kilichotoka ndani yake.