Afya: Homa isiyokwisha inaweza kupasua mshipa wa ubongo

Mashariki mwa Congo, mtu akianguka ghafla, mdomo ukapinda na upande mmoja wa mwili ukakosa nguvu, jamaa huuliza kwanza juu ya tansiyo. Mara nyingi hawakosei: tansiyo ya juu ni sababu kubwa ya damu kumwagika katika ubongo. Lakini kuna sababu nyingine, ya nadra, inayoweza kumpata hata kijana ambaye hajawahi kuwa na tansiyo. Ni mikrobe iliyotoka moyoni.

Waganga huita hali hiyo anevrisma yenye maambukizi. Ni sehemu ya mshipa wa damu ambayo mikrobe imeilegeza, ikavimba kama mpira wa ndani wa baiskeli unaotokeza pale tairi limelika. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya ubongo na mgonjwa anaweza kufa kwa saa chache. Kati ya anevrisma zote za ubongo, zenye maambukizi ni chache sana. Hata hivyo, tofauti na nyingi kati ya nyingine, hii hutanguliwa na dalili kwa siku au wiki kadhaa. Shida ni kwamba dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine.

Safari inaanzia moyoni

Moyo una vali nne, yaani vilango vidogo vinavyozuia damu kurudi nyuma. Vali ikiwa imeharibika, mikrobe iliyoingia katika damu kupitia jino bovu, kidonda au sindano chafu hupata mahali pa kushika. Inaongezeka hapo na kujenga vibonge. Ugonjwa huo unaitwa endokarditi.

Kipande cha kibonge kikikatika, damu hukibeba. Kikifika katika ubongo, hukwama pale mshipa mdogo unapogawanyika, na mikrobe huanza kula ukuta wa mshipa. Mara nyingi ni streptokoki, ambazo huishi kinywani, au stafilokoki, ambazo huishi juu ya ngozi.

Mwaka 1885, muganga William Osler, mzaliwa wa Canada, alieleza hali hii katika mafunzo aliyotoa mjini London. Aliipa jina lenye kukumbusha uyoga, na jina hilo bado linatumiwa katika vitabu vya uganga, ingawa kwa wagonjwa wengi chanzo ni bakteria.

Kwa nini Congo inahusika

Katika nchi tajiri, wagonjwa wengi wa endokarditi ni wazee au watu waliowekewa vali za bandia. Katika nchi kama Congo, wengi ni vijana ambao vali zao ziliharibika wangali watoto.

Mtoto hupata anjina ya koo inayoletwa na streptokoki, asitibiwe vizuri. Wiki mbili au tatu baadaye anaanza homa na maumivu ya viungo vinavyovimba, leo goti, kesho kiwiko. Maumivu yanapita, lakini vali za moyo zinabaki na kovu. Uchunguzi uliofanywa katika shule za Kinshasa na kuchapishwa mwaka 1998 ulikuta ugonjwa huo wa moyo kwa wanafunzi 14 hivi kati ya 1000, na zaidi katika mitaa ya maskini ambako watu wanaishi kwa kubanana. Mwezi wa Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliomba nchi zote zipambane nao.

Malaria, tifoide, kisha karuho

Endokarditi inaweza kwenda polepole. Mgonjwa anakuwa na homa inayokuja na kurudi, anatoka jasho usiku, anakonda, anachoka. Anatibiwa malaria, kisha tifoide. Ananunua antibiotiki za siku tatu katika farmasi, homa inashuka, halafu inarudi. Hapo ndipo jamaa huanza kunong'ona kwamba amewekewa karuho, na pesa zilizobaki zinaenda kwa mganga wa kienyeji.

Antibiotiki za siku chache haziui mikrobe zilizojificha ndani ya vali. Tena zinaweza kuzificha, laboratwari isizione. Ndiyo maana damu ya kutafuta mikrobe inatakiwa ichukuliwe kabla ya dawa ya kwanza, mara tatu, kutoka mahali tofauti. Ekografia ya moyo huonyesha vibonge juu ya vali. Skaneri huonyesha kama damu imemwagika katika ubongo, na ikifanywa kwa kudunga dawa ya kuonyesha mishipa, inaweza kuonyesha anevrisma yenyewe.

Kinachoweza kufanywa

Matibabu ni antibiotiki za kupitishwa katika mshipa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Anevrisma nyingine hupungua na kutoweka kwa dawa peke yake. Nyingine huzidi kukua, kwa hiyo mgonjwa hurudishwa kwenye picha mara kwa mara. Iliyopasuka inaweza kuhitaji upasuaji, au kuzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa. Huduma hizo ni adimu mashariki mwa nchi, na waganga wapasuaji wa ubongo ni wachache sana. Mgonjwa wa kijijini mara nyingi hana muda wa kufika.

Kwa hiyo nafasi kubwa zaidi iko kabla ya mshipa kupasuka. Mtu anayejua kwamba ana ugonjwa wa vali, akipata homa inayodumu zaidi ya wiki, aseme habari ya moyo wake kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Kichwa kikimuuma ghafla na kwa nguvu, ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea au akishikwa na kifafa, apelekwe hospitali saa ileile. Asipewe aspirini kabla ya skaneri, maana inaweza kuongeza damu inayomwagika. Anayekunywa dawa ya kulainisha damu kwa ajili ya vali ya bandia asiiache mwenyewe. Muganga ndiye anayeamua.

Kwa wazazi, kinga inaanza mapema zaidi. Mtoto mwenye homa na koo linalouma hata kumeza ni shida, apelekwe katika kituo cha afya. Penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inaponya anjina hiyo. Kwa mtoto ambaye vali zake zimekwisha kuguswa, sindano yake ya kila wiki 3 au 4 inazuia ziharibike zaidi. Meno nayo yapigwe mswaki kila siku, kwa sababu mikrobe nyingi zinazofika moyoni zinatoka kinywani.