Afya: Homoni inayobana mishipa ya figo na kuzuia chumvi isitoke

Mugonjwa wa tansio anayemeza enalaprili, kaptoprili ao losartani mara nyingi anajua jambo moja tu: «inashusha tansio». Inaishusha namna gani? Jibu liko zaidi kwenye figo kuliko kwenye moyo, na linahusu homoni ndogo inayoitwa angiotensini ya pili. Kuielewa kunaweza kumuepusha mutu na hatari kubwa siku anapopatwa na kuhara ao kutapika.

Habari ilianza mwaka wa 1898 kule Stockholm, Sweden. Robert Tigerstedt na Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachoma maji yake mu mishipa ya sungura wengine, na tansio ya wanyama hao ikapanda. Kitu walichokigundua wakakiita renini. Kwa miaka mingi wanganga wachache tu ndio walikijali. Karibu na mwaka wa 1940, watafiti wa Buenos Aires na wale wa Indianapolis walionyesha, kila kundi kwa upande wake, kwamba renini yenyewe haibani mishipa: inatengeneza kitu kingine kinachobana. Kila kundi lilikipa jina lake, na ni mwaka wa 1958 tu ndipo walikubaliana kuunganisha nusu ya jina hili na nusu ya lile.

Sasa tuingie mu figo. Figo mbili zinapokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma. Kila figo iko na vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio kiko na mushipa wa kuingiza damu na mushipa wa kuitosha. Damu ikipunguka, kwa sababu ya kuvuja ao ya kuhara, figo inatosha renini. Renini inakata protini inayotoka kwenye maini, kisha anzimu inayopatikana zaidi kwenye mapafu inakata tena. Kinachobaki ndicho angiotensini ya pili.

Homoni hiyo inabana mishipa ya mwili wote, lakini mu figo inabana zaidi ule mushipa wa kutokea. Fikiria mutu anayeminya mupira wa maji kwa vidole: maji yanayopita yanapunguka, lakini nyuma ya vidole nguvu inabaki. Ndivyo inavyokuwa: damu inayopita mu figo inapunguka, lakini kichujio kinaendelea kusafisha.

Kazi ya pili ni chumvi. Figo zinachuja karibu litri 180 kwa siku, lakini mutu anakojoa litri moja ao mbili tu. Mengine yote yanarudishwa mu damu. Angiotensini inaamuru mifereji ya figo irudishe chumvi zaidi, na inaamsha homoni nyingine, aldosteroni, ifanye vilevile mbele zaidi. Maji yanafuata chumvi, damu inaongezeka, tansio inapanda. (Moyo nao uko na homoni yake inayofanya kinyume, inayotosha chumvi mu mukojo. Adolfo de Bold na wenzake waliionyesha kule Canada mwaka wa 1981.)

Kwa mutu aliyeshikwa na kolera, hiyo angiotensini inaokoa maisha. Kwa mutu anayekula makayabu na kuongeza chumvi mezani, ingepaswa kutulia. Kwa wagonjwa fulani wa tansio haitulii vya kutosha. Ndipo dawa zinaingia. Kaptoprili, iliyokubaliwa mwaka wa 1981 huko Marekani, ilitokana na utafiti juu ya sumu ya nyoka wa Brazili: inazuia ile anzimu ya mapafu. Losartani inazuia homoni isifanye kazi yake.

Lakini dawa hizo zinafungua mushipa wa kutokea. Siku za kawaida hakuna shida; kwa wagonjwa wengi wa kisukari, hilo hata linalinda figo. Shida ni siku mutu amehara sana na mwili umekauka, kwa sababu wakati huo kichujio kinategemea ule mubano. Akiongeza ibuprofeni ao diklofenaki kwa sababu ya maumivu, mushipa wa kuingilia nao unakuwa mwembamba. Akiwa pia kwenye dawa ya kukojolesha kama furosemidi, figo zinaweza kusimama kwa siku chache. Mukojo unapunguka sana, kreatinini inapanda mu damu. Na mashini ya kusafisha damu haipatikani kila pahali mu inchi yetu.

Mutu asiache dawa yake ya tansio kwa kichwa chake. Lakini akipatwa na kuhara ao kutapika kusikoisha, aende upesi ku hospitali, aonyeshe vidonge vyote anavyomeza, na aulize kama kuna vya kusimamisha kwa muda. Jina kwenye boksi linasaidia: kundi moja linaishia na herufi p-r-i-l, lingine s-a-r-t-a-n. Kwa maumivu, wanganga wengi wanapendelea parasetamoli.

Mama mwenye mimba hapaswi kumeza kundi lolote kati ya hayo mawili. Figo za mutoto tumboni zinahitaji angiotensini ili zikomae na kutengeneza mukojo, na mukojo huo ndio unaojaza sehemu kubwa ya maji yanayomuzunguka. Kuna dawa zingine zilizozoeleka wakati wa mimba, kama metildopa, na ni munganga ndiye anabadilisha.