Usinunue Kitu Kwanza: Kompyuta Yako ya Kujiundia Ikigoma Baada ya Windows 11

Kila ukoo wetu huku ughaibuni una fundi wake wa kompyuta, na mara nyingi fundi huyo hakuomba kazi. Ni yule kijana aliyekulia huku, anayesoma maelekezo ya Kiingereza bila kutoa jasho, halafu anaweza kumweleza shangazi kwa Kiswahili cha kueleweka. Kama unasoma hapa, huenda fundi mwenyewe ni wewe. Na tangu Windows 10 iache kupata sasisho za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, simu za Jumamosi asubuhi zimeongezeka: "Mwanangu, nimeweka hiyo Windows mpya, sasa kompyuta imekufa."

Mara nyingi haijafa. Hilo ndilo la kushika leo hata kama utasahau mengine yote. Kifaa kilichofanya kazi Ijumaa, kikagoma Jumamosi baada ya Windows kubadilishwa, kwa kawaida bado ni kizima. Kilichokatika ni maelewano kati ya kifaa na Windows. Lakini watu wetu wakiona skrini nyeusi wanakimbilia dukani: kadi mpya ya grafiki, powa saplai mpya, wakati mwingine kompyuta nzima mpya. Hela ambayo ingelipa karo ya mtu nyumbani inaishia kwenye boksi ambalo halikuhitajika.

Leo tunazungumzia hasa zile kompyuta tulizoziunda wenyewe, kipande kwa kipande. Laptopu ya dukani ina kampuni moja iliyokusanya draiva zake zote mahali pamoja. Ya kwako ina madabodi ya kampuni hii, kadi ya grafiki ya kampuni ile, na kadi ya waifai uliyoipata kwa bei ya kutupa. Hakuna namba moja ya kupiga. Kitengo cha huduma kwa wateja ni wewe, basi lazima uwe na utaratibu.

Okoa mali kabla ya mashine

Kabla hujagusa chochote, jiulize ndani ya hiyo diski kuna nini. Kwenye nyumba zetu kompyuta ya sebuleni ndiyo kabati la familia. Humo mna picha za harusi, nakala za pasipoti, na kwa wengine sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo, sauti ambayo haitarekodiwa tena. Madabodi inanunulika. Hiyo sauti hainunuliki.

Hatari kubwa hapa ni ufunguo wa BitLocker. Windows 11 inaweza kuifunga diski kwa usimbaji, na kwenye usakinishaji mpya wa toleo la 24H2, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi hufanya hivyo zenyewe bila kupiga kelele. Mambo yakiwa shwari huoni kitu. Lakini ukisasisha BIOS au ukibadilisha madabodi, mashine inaweza kukuuliza ufunguo wa tarakimu 48. Ukiwa huna, yaliyomo yamekwenda. Hakuna fundi wa kuyafungua, wala wa mtaani wala wa Microsoft.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa: ingia kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta kwa kutumia simu, tafuta ufunguo huo, uandike kwenye karatasi. Shangazi hakumbuki alitumia barua pepe gani? Hiyo ndiyo kazi yako ya leo, na mengine yote yasubiri. Kisha nakili picha na sauti kwenye diski ya nje. Ndipo uanze ufundi.

Jaribu bila Windows

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho kingeokoa pesa nyingi. Chukua fleshi, weka Linux ndani yake, kwa mfano Ubuntu, halafu iwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo. Chagua kujaribu tu, usisakinishe. Windows yako itabaki kama ilivyo.

Sasa angalia. Sauti inatoka? Intaneti inashika? Skrini zote mbili zinawaka? Kama kila kitu kinakwenda vizuri huku, basi vifaa ni vizima na ugonjwa uko upande wa Windows: draiva au mipangilio. Kama tatizo ni lilelile hata ndani ya Linux, hapo una sababu ya kushuku kifaa, waya au BIOS. Kuna vifaa vichache ambavyo Linux yenyewe haielewani navyo, hasa kadi fulani za waifai, kwa hiyo usihukumu kwa kifaa kimoja peke yake. Lakini kwa saa moja utakuwa umejua uchimbe upande gani.

Malalamiko na dawa zake

*Intaneti haipo.* Hii inakera kuliko zote, maana dawa iko intaneti. Windows haina draiva ya kadi ya mtandao, na bila mtandao huwezi kuipakua. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushirikisha mtandao, na mara nyingi kompyuta itaupokea kama waya wa kawaida. Au pakua draiva kwenye kompyuta nyingine uilete kwa fleshi.

*Kifaa hakijulikani.* Fungua Device Manager. Penye alama ya mshangao ya njano, ingia kwenye sifa za kifaa usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa. Kisha tafuta sehemu ya Hardware Ids: herufi nne baada ya VEN zinakutajia aliyekitengeneza. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Yaani kifaa kinakutajia ukoo wake hata kama Windows haikitambui.

*Picha kubwa, zenye ukungu, au skrini moja tu inawaka.* Angalia kama kadi ya grafiki imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Ikiwa hivyo, kadi yako nzima inaendeshwa kama gari lililokwama kwenye gia ya kwanza. Weka draiva ya NVIDIA, AMD au Intel, utaona tofauti hapohapo.

*Sauti imepotea.* Kwanza bonyeza alama ya spika uone sauti inatumwa wapi. Baada ya kuhama, Windows huweza kuipeleka kwenye skrini kupitia HDMI, hata kama skrini yenyewe haina spika. Na kwa nyinyi mnaorekodi podikasti: maiki ikiwa kimya, ingia kwenye mipangilio ya faragha uone kama programu zimeruhusiwa kuitumia. Wengi wamebadilisha waya mara tatu kumbe ruhusa ilikuwa imezimwa.

*Printa au mashine ya sauti ya zamani imegoma.* Windows 11 ina ulinzi unaoitwa Memory Integrity, ndani ya Core Isolation, na ukiwa umewashwa hukataa draiva za zamani zisizokidhi masharti yake. Tafuta draiva mpya kwanza. Ukiamua kuzima ulinzi huo kwa ajili ya kifaa kimoja, jua umefungua mlango gani. Kwenye kompyuta ambayo baba anafanyia mambo ya benki, sishauri.

*Inakwama sekunde moja, kisha inaendelea.* Kama prosesa ni Ryzen, kuna historia hapa. Mwaka 2022 AMD ilikubali kwamba fTPM, yaani TPM iliyomo ndani ya mfumo wa BIOS, ilikuwa inasababisha mikwamo ya muda kwenye baadhi ya mashine. Dawa ilikuja kama BIOS mpya. Watu waliokuwa wakibadilisha RAM na kadi walikuwa wanatibu goti kwa maumivu ya jino.

BIOS: mlango ambao wengi hawaugusi

Windows 11 inataka TPM 2.0 na mashine yenye uwezo wa Secure Boot. Madabodi nyingi za miaka ya karibuni zina TPM, ila ilikuja ikiwa imezimwa. Kwenye Intel huitwa PTT, kwenye AMD huitwa fTPM. Kwa hiyo ukiambiwa "kompyuta yako haifai", usikimbilie kununua, ingia BIOS kwanza.

Ila twende taratibu. Kuwasha Secure Boot kwa kawaida kunakulazimisha uzime CSM, ule mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta. Kama diski yako ilipangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ukizima CSM kompyuta haitaiona Windows tena. Hapo ndipo watu hutangaza msiba. Rudi BIOS, washa CSM, na Windows itafufuka. Kisha tumia MBR2GPT, programu ndogo iliyomo ndani ya Windows yenyewe, kuigeuza diski iwe GPT bila kufuta mafaili. Nakala ya akiba iwe imeshachukuliwa. Baada ya hapo ndipo uzime CSM. Mfuatano ni muhimu kuliko haraka.

Mengine mawili ya BIOS. Kama mashine inazimika ovyo au inaleta ile skrini ya makosa, ya bluu au nyeusi ya siku hizi, zima XMP au EXPO, yaani kasi ya ziada ya RAM. RAM iliyovumilia kasi hiyo chini ya Windows 10 inaweza kushindwa kazi ikibadilika. Na kama saa ya kompyuta inarudi nyuma kila ukiichomoa ukutani, betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi imechoka. Tarehe ikiwa mbovu, tovuti nyingi zitakataa kufunguka, nawe utailaumu ruta bure. Ila kuing'oa betri hiyo kunaweza kurudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, basi ile karatasi ya tarakimu 48 iwe mkononi.

Kama kweli kifaa kimekufa

Inatokea. Kuhamia Windows mpya ni kazi nzito: diski inasoma na kuandika kwa wingi, na diski iliyokuwa mgonjwa miezi sita inaweza kuzimia siku hiyo. Ukisikia diski inagonga tk-tk-tk, au programu ya kusoma afya ya SMART ikitoa onyo, acha majaribio yote. Nakili unachoweza, kisha nunua diski. Hapo umenunua kwa ushahidi.

Na kama draiva zote zimegoma, kumbuka una siku 10 tangu kuhama za kurudi Windows 10 kupitia sehemu ya Recovery, mradi hujafuta folda ya Windows.old. Usiifute ili upate nafasi wiki ya kwanza. Kwa anayerudi, au mwenye mashine isiyokidhi masharti, Microsoft ina mpango wa ziada kwa watu binafsi unaotoa sasisho za usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ni muda wa kupumua na kuweka akiba, si suluhisho la kudumu.

Neno kwa fundi wa ukoo

Draiva pakua kwenye ukurasa wa aliyetengeneza madabodi au kadi. Zile tovuti zinazoahidi kukutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, zikwepe, nyingi hukubebesha takataka. Na wazee waambiwe wazi: Microsoft haimpigii mtu simu kumwambia kompyuta yake ina virusi. Anayepiga hivyo ni mwizi. Wazee wetu wana adabu, hawapendi kumkatia mtu simu. Kwa huyu, wakate.

Ukisaidia kwa mbali, usiulize "imeharibika vipi?" Utajibiwa "haifanyi kazi." Mwombe mjomba akupigie picha ya skrini na nyingine ya nyuma ya kompyuta, pale nyaya zinapochomekwa. Mara nyingi jibu limo kwenye picha ya pili.

Mwisho, chukua karatasi moja. Andika jina kamili la madabodi, prosesa, kadi ya grafiki, RAM, toleo la BIOS, na tarehe ya mara ya mwisho ulipochukua nakala ya akiba. Ibandike ndani ya kifuniko cha kompyuta. Ile ya tarakimu 48 iwekwe mbali na mashine, pamoja na pasipoti. Ipo siku utakuwa safarini, na simu ataipokea mdogo wako. Mwachie pa kuanzia.