Mwezi mpevu na hesabu ya siku Kigoma

KWA mvuvi wa dagaa wa Ujiji au Kibirizi, tarehe iliyobandikwa ukutani si kitu mbele ya mwezi ulioko angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta karibu na chombo, ndipo wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote huwa na mwanga, taa haiwakusanyi tena. Mitumbwi hupumzishwa siku kadhaa, nyavu hushonwa, na mama anayeanika dagaa mchangani hukosa mzigo, ilhali karo ya mtoto haingoji giza.

Mwezi huo huo huwaongoza Waislamu wa Ujiji katika funga na Idi, na Wachina katika kalenda yao ya jadi. Tofauti imo katika mwaka. Ule wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Wachina huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu. Miaka yao huitwa kwa kuoanisha alama 10 na wanyama 12. Kwa kuwa safu zote mbili husogea pamoja, jina hurudi baada ya miaka 60, wala si 120. Mzunguko wa sasa ulianza 1984.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Safari hiyo, mvuvi alilazimika kuitazama kalenda ya ukutani.